Nyati alijeruhiwa akapotea porini: mgeni anakataa kulipa ada, kampuni ya uwindaji imezuia nyara zake. Mgogoro huu unatatuliwa wapi?

#1 Kipepeo wa Njiro
Wanajukwaa, salaam. Kazi yangu ni kuwaunganisha wageni na kampuni za uwindaji wa kitalii, na msimu huu nimebaki katikati ya mgogoro ambao kila upande unanitaka niwe shahidi wake. Mgeni kutoka Texas alikuja kuwinda nyati katika kitalu kimoja (eneo la uwindaji lenye mmiliki wake) upande wa Rungwa. Nyati wa kwanza alipatikana bila tatizo, pamoja na kongoni na swala pala. Nyati wa pili alipigwa risasi jioni, akakimbilia kichakani, wakamfuata hadi giza likawazuia, na kesho yake nyayo zake zikapotea mahali ambapo kundi zima lilikuwa limepita. Kampuni inasema mnyama alijeruhiwa, kwa hiyo ada yake inadaiwa kama ya mnyama aliyeuawa. Mgeni anasema risasi ilikwenda pembeni, kwamba yeye hakuona hata tone la damu, na kwamba hawezi kulipia mnyama ambaye bado yuko hai na kundi lake. Sasa kampuni imezuia nyara zote, yaani ngozi na pembe za wanyama wake, hata zile zisizo na ubishi, naye anadai arejeshewe sehemu ya fedha alizotanguliza. Mkataba wao una kurasa mbili tu na hausemi lolote kuhusu mahali pa kupeleka mgogoro. Je, shauri kama hili linapelekwa TAWA, mamlaka ya serikali ya usimamizi wa wanyamapori, mahakamani, au kuna njia nyingine? Na mwenye haki ni nani?

#2 Bwana Nyama Mstaafu
Kipepeo, nianze na lile lisilo na mjadala. Kwa taratibu za uwindaji wa kitalii hapa Tanzania, mnyama aliyejeruhiwa akapotea huhesabiwa kuwa amewindwa. Huondolewa katika mgao wa kitalu, yaani idadi ya wanyama wanaoruhusiwa kuwindwa humo, na ada yake hulipwa. Kanuni hiyo haikuwekwa kwa ajili ya kumnufaisha mwenye kampuni. Iliwekwa kwa sababu bila hiyo mtu angejeruhi mnyama mmoja baada ya mwingine hadi apate pembe anazozitaka, na pori lingejaa wanyama wanaooza bila hesabu. Kwa hiyo suala lililobaki ni moja tu, nalo ni kama kweli nyati huyo alijeruhiwa, na jibu lake halitoki kwa mgeni wala kwa mwindaji bingwa anayemwongoza peke yao. Kila msafara wa uwindaji huwa na askari wa wanyamapori, na kila mnyama huandikwa kwenye kibali. Tuambie askari aliandika nini, aliandika lini, na kama mgeni alitia saini.

#3 Mfuata Nyayo wa Itigi
Naunga mkono bandiko la Mzee hapo juu, lakini niongeze jambo moja ambalo watu wa ofisini hawalioni. Mgeni kutoona damu si hoja yenye uzito, kwa sababu nyati aliyejeruhiwa anapofuatwa kichakani, mara nyingi mgeni huwekwa nyuma kwa usalama wake, na sisi tulio mbele ndio tunaosoma ardhi. Damu ya mapafu ni nyekundu angavu na ina povu, na nyati wa namna hiyo haendi mbali. Damu ya tumbo ni nyeusi, ni chache, na huchanganyika na majani yaliyotafunwa. Nyati huyo anaweza kutembea usiku kucha. Risasi ya mguu hutoa damu nyingi mwanzoni, kisha hukauka ghafla, na mtu asiyejua hudhani kuwa mnyama amepona. Tunaangalia pia damu imepaka majani usawa wa bega au chini ya goti, na tunarudi pale mnyama alipokuwa amesimama kutafuta nywele zilizokatwa na risasi. Kama kulikuwa na nywele, hapo risasi iligusa mwili, na mgeni hana pa kukimbilia. Kama hapakuwa na nywele wala damu, kampuni inatoza ada ya hisia tu.

#4 Wakili wa Kanda ya Kati
Wachangiaji waliotangulia wameeleza vizuri upande wa pori. Mimi naona migogoro miwili imefungwa katika furushi moja. Ada ya mnyama ni fedha ya serikali, na hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo. Kama kampuni imeshailipia ada ya nyati wa pili, na itoe risiti yenye namba hiyo. Kama haijailipia, basi inamdai mgeni fedha ambayo yenyewe haijaitoa, na hilo ni jambo la kuhoji kabla ya kuingia katika habari za damu na nywele. Gharama za kambi, za gari na za siku zilizotumika kumtafuta mnyama ni suala tofauti, nazo zinatawaliwa na mkataba. Mkataba usipotaja siku za kutafuta mnyama aliyejeruhiwa, kampuni haiwezi kuziongeza baadaye.

Kuhusu nyara, mwenye kibali ndiye mwenye nyara. Hata hivyo, Sheria ya Mikataba inampa mtu aliyetumia kazi na ujuzi wake juu ya mali ya mwingine haki ya kuishikilia hadi alipwe kwa kazi hiyo. Kampuni ikisema imechuna, imepaka chumvi na imekausha, inaweza kushikilia kwa ajili ya malipo ya kazi hiyo tu. Haiwezi kushikilia ngozi ya kongoni kwa sababu ya deni la nyati.

#5 Msukuma wa Houston
Nawasalimu kutoka huku anakotoka mgeni wenu. Naomba muutazame upande wake pia, kwa maana mtu huyu hajui TAWA ni nini. Wengi hununua safari zao kwenye maonyesho ya uwindaji ya mwanzo wa mwaka, wanapeana mikono na mtu aliyesimama mbele ya picha ya simba, wanatuma fedha benki, na miezi kadhaa baadaye ndipo wanasikia kuna ada ya hiki na kibali cha kile. Haki iliyobaki mikononi mwake ni kulalamika kwenye chama chake cha wawindaji, na lalamiko hilo linaweza kuifungia kampuni milango ya maonyesho. Kwa maoni yangu, hofu hiyo ndiyo itakayotatua mgogoro huu, wala si mahakama. Tena wageni wa huku wana kumbukumbu chungu za kukosa nyara. Mwaka 2014 CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ilipozuia nyara za tembo wa Tanzania, kuna watu waliokuwa wamekwisha kulipa na wakabaki na picha tu.

#6 Binti Manyoni
Msukuma, unavyowatetea watu wa Texas mtu atadhani tayari umewaita wakwe. Mbona huulizi kwa nini mtu atume maelfu ya dola kwa mkataba wa kurasa mbili?

#7 Bwana Nyama Mstaafu
Ndugu Msukuma, hapo nikusahihishe. Zuio la Aprili 2014 halikuwekwa na CITES. Lilitolewa na idara ya serikali ya Marekani inayosimamia samaki na wanyamapori, likahusu nyara za tembo kutoka Tanzania na Zimbabwe. Ufaransa nayo ilizuia nyara za simba mwaka 2015, tena kwa uamuzi wake yenyewe. Tofauti hii ina maana kubwa katika migogoro, kwa sababu nchi anakotoka mgeni inaweza kufunga mlango hata kama huku kibali kimetolewa kihalali, na mkataba mzuri husema hasara hiyo itabebwa na nani. Kwa bahati nzuri, nyati hayumo katika viambatisho vya CITES, kwa hiyo nyara za huyu mgeni zinahitaji nyaraka za kawaida za kusafirisha na cheti cha daktari wa mifugo.

#8 Mchunaji
Salaam. Mimi nina maelezo mengine kabisa, na ninayatoa kwa sababu nimefanya kazi ya kuchuna na kutunza ngozi katika kambi kadhaa. Kampuni inapozuia nyara zote kwa ajili ya deni la mnyama mmoja, mara nyingi nyara hizo zina kasoro. Ngozi isipopakwa chumvi mapema, au masikio yasipogeuzwa ndani nje na midomo isipopasuliwa ili chumvi iingie, nywele huanza kung'oka kwa viganja. Joto la Septemba na Oktoba halisubiri mtu. Ukivuta nywele za shavuni zikabaki mkononi, ngozi hiyo imekwisha, na fundi wa huko Marekani hawezi kuifanya chochote. Kipepeo, usibishane kuhusu nyati wa pili kabla hujaenda wewe mwenyewe ghalani, ukafungua mafurushi, ukapiga picha. Huenda deni ni pazia tu.

#9 Mfuata Nyayo wa Itigi
Mchunaji amesema kweli kuhusu ngozi, lakini si kila kampuni inayodai ina kitu cha kuficha. Nimeona mgeni akipiga nyati mchana kweupe, damu inatiririka, halafu jioni penye moto anaanza kusema alikosa. Tusiwafanye wenye kambi wote kuwa wezi.

#10 Kipepeo wa Njiro
Asanteni. Nimefuatilia na nimepata mambo mawili mapya. Kwanza, kwenye kibali askari ameandika kuwa nyati alijeruhiwa na kwamba palikuwa na damu kidogo. Saini ya mgeni ipo, lakini mgeni anasema karatasi zote alizisaini siku ya mwisho, akiwa anaharakishwa kuwahi ndege. Pili, kampuni iliyopokea fedha na kusaini mkataba siyo iliyomilikishwa kitalu. Mmiliki ni mwingine kabisa, naye anasema hamjui mgeni huyu.

#11 Wakili wa Kanda ya Kati
Hilo la pili linabadilisha shauri lote. Mgeni ana mkataba na mtu ambaye mamlaka yake juu ya kitalu hatujayaona, na mwenye mamlaka hana mkataba na mgeni. Barua ya kwanza inapaswa kwenda kwa wote wawili kwa pamoja, ili asiwepo wa kumrushia mwenzake mpira.

#12 Bwana Nyama Mstaafu
Mtindo wa kumiliki kitalu na kumwachia mwingine alete wageni ni wa zamani, na kwa maoni yangu ndio mama wa migogoro mingi. Oktoba 2017 Waziri wa Maliasili na Utalii wa wakati huo, Dkt. Hamisi Kigwangalla, alifuta vibali vya vitalu vilivyotolewa mwaka huo na kuagiza vigawiwe kwa mnada; minada ya kielektroniki ilianza mwaka 2019. Nia ilikuwa kitalu kimfikie mtu mwenye uwezo wa kukiendesha mwenyewe. TAWA haitaamua nani anamdai nani kwa mujibu wa mkataba wa faragha, lakini mbele yake anayejibu ni mmiliki wa kitalu, na anapoulizwa ni nani aliyewinda ndani ya eneo lake, hawezi kusema hamjui mgeni. Kibali kilitolewa kwa kitalu chake.

#13 Dereva wa Kambi
Naomba mniruhusu, ingawa jambo langu liko kando kidogo. Kwenye ugomvi kama huu wanaosahaulika ni sisi tunaolala chini ya gari. Mgeni aliyenuna haachi bahshishi, na kampuni inayodaiwa inachelewesha mishahara. Msimu uliopita mgeni mmoja aligombana na mwindaji bingwa kuhusu mnyama aliyepotea, na matokeo yake watumishi wote wa gari hilo tukaambiwa tusirudi tena. Nimesikia kuwa mtu ana siku 60 za kupeleka mgogoro wa kazi Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Je, mfanyakazi wa msimu naye anasikilizwa huko?

#14 Wakili wa Kanda ya Kati
Pole, ndugu Dereva. Siku 60 ni kwa madai mengine, kama vile mshahara ambao haukulipwa. Kwa kuachishwa kazi isivyo halali ni siku 30 tangu tarehe ya kuachishwa, na ukichelewa unapaswa kuomba kuongezewa muda kwa kueleza sababu. Kikwazo chako kingine ni kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haimpi kinga ya kuachishwa isivyo halali mtu aliyefanya kazi chini ya miezi 6 kwa mwajiri huyo huyo. Lakini soma kifungu chote, kwa sababu kinasema iwe ni kwa mkataba mmoja au zaidi ya mmoja. Mtu aliyeitwa na kampuni ile ile msimu baada ya msimu ana hoja ya kujumlisha misimu yake, na ana hoja ya pili kwamba alikuwa na matarajio ya haki ya kuitwa tena. Leta vithibitisho vya malipo ya misimu yote. Mshahara ambao hukulipwa unadaiwa hata kama ulifanya kazi mwezi mmoja.

#15 Binti Manyoni
Wakili, hoja ya kujumlisha misimu ni nzuri kwenye karatasi, lakini mwajiri atasema kila msimu ulikuwa mkataba wa kazi maalumu uliokwisha wenyewe masika yalipoanza.

#16 Wakili wa Kanda ya Kati
Atasema hivyo, na ndiyo sababu nimeiita hoja, sikuiita ushindi.

#17 Mwanakijiji wa Kusini
Habari za jioni. Mmezungumza kuhusu mgeni, kampuni na watumishi, lakini hakuna aliyetaja vijiji. Sisi tuko katika jumuiya ya hifadhi ya wanyamapori, na kitalu kiko juu ya ardhi ya vijiji vyetu. Ada ya mnyama aliyejeruhiwa ikibishaniwa mjini, sehemu ya fedha yetu inabaki hewani, na mwaka wa bajeti ya zahanati haungoji mgogoro uishe. Nyati aliyejeruhiwa naye hatokomei hewani. Anaweza kumkuta mama akiokota kuni. Kifuta machozi cha serikali kwa walioumizwa na wanyama kipo kwa mujibu wa kanuni za 2011, lakini jina lenyewe linaeleza kuwa hicho si fidia. Mimi nataka mkataba wa kila mgeni uwe na kifungu kwamba mnyama hatari akijeruhiwa na kupotea, kijiji kilicho karibu kitaarifiwa siku hiyo hiyo.

#18 Mfuata Nyayo wa Itigi
Mwanakijiji, hili lako ndilo la kwanza kabla ya ada na ngozi. Mwindaji bingwa mwenye heshima hawezi kulala akijua ameacha nyati aliyepigwa tumboni karibu na njia ya watu.

#19 Kijana wa Wasso
Kama mnataka kuona mgogoro na kampuni ya uwindaji usioisha, njooni Loliondo. Wanavijiji wameishtaki kampuni hadi Mahakama ya Afrika Mashariki na bado shauri linazunguka.

#20 Bwana Nyama Mstaafu
Kijana wangu, mdaiwa katika shauri lile ni Mwanasheria Mkuu wa Serikali ya Tanzania, si kampuni. Vijiji vinne, kikiwemo Ololosokwan, vilifungua shauri mwaka 2017. Uamuzi wa Septemba 2022 ulikuwa dhidi yao, na Novemba 2023 kitengo cha rufaa kikaamuru lisikilizwe upya. Ni shauri la ardhi na haki za watu, tena ni zito sana, lakini halitufundishi namna ya kumdai mtu ada ya nyati. Tulifungulie uzi wake.

#21 Msukuma wa Houston
Nakubali sahihisho la zuio la 2014. Turudi kwa mgeni. Nimezungumza na watu wanaowinda kila mwaka, na wanasema mkataba wao siku hizi hutaja uamuzi wa msuluhishi badala ya mahakama, kwa sababu hukumu ya mahakama ya Texas ni vigumu kuitekeleza Arusha, na ya Arusha ni vigumu kuitekeleza Texas. Je, hapa bado inawezekana?

#22 Wakili wa Kanda ya Kati
Inawezekana pande zote zikikubaliana kwa maandishi hata sasa, baada ya mgogoro kuanza. Tuna Sheria ya Usuluhishi ya 2020, na Tanzania na Marekani zote ni wanachama wa Mkataba wa New York wa 1958 unaoruhusu uamuzi wa msuluhishi kutekelezwa katika nchi nyingine. Lakini gharama ya msuluhishi inaweza kuwa kubwa kuliko ada yenyewe ya nyati. Mahakamani dai la mkataba lina miaka 6, kwa hiyo hakuna haja ya kukimbilia huko wiki hii. Ushauri wangu ni huu: mgeni alipe kiasi kinachobishaniwa huku akiandika waziwazi kwamba hakubali deni, nyara zitoke, kisha mjadala uendelee bila mateka.

#23 Bwana Nyama Mstaafu
Hapo sikubaliani nawe, Wakili. Akishalipa, hata akiandika kurasa kumi za kupinga, hakuna atakayemsikiliza tena. Mimi ningeanza na mmiliki wa kitalu na chama cha waendesha uwindaji, TAHOA, wakae mezani pamoja na askari aliyekuwapo. Migogoro mingi niliyoiona ilikwisha pale askari alipoulizwa maswali mbele ya wote, kwa sababu maneno ya porini hubadilika sana yakisimuliwa faraghani.

#24 Dereva wa Kambi
Muulizeni pia dereva wa gari lile. Sheria inakataza kupiga mnyama ukiwa ndani ya gari au ndani ya mita 200 kutoka lilipo, na inakataza kuwinda usiku. Kipepeo anasema risasi ilipigwa jioni na giza likawazuia. Ilikuwa jioni ya saa ngapi, na gari lilikuwa wapi? Nimeona ugomvi ambao pande zote mbili zilikataa kwenda TAWA kwa sababu zote zilijua jibu la swali hilo.

#25 Mchunaji
Hili ni zito kuliko langu la ngozi. Lakini ghalani nenda tu.

#26 Kipepeo wa Njiro
Nimekwenda. Ngozi ya kongoni ni nzima. Ya nyati wa kwanza ina sehemu shingoni ambapo nywele zinang'oka, na mtunza ghala amesema iliingia na kasoro hiyo. Dereva wa gari nimempigia simu, ameniambia lilikuwa limeegeshwa nyuma ya kichuguu, na hakutaka kusema ni umbali gani. Risiti ya ada ya nyati wa pili haijaonyeshwa. Kikao na mmiliki wa kitalu kimepangwa Jumatatu, na askari ameitwa.

#27 Binti Manyoni
Kwa hiyo tuna ngozi mbovu, gari lisilo na umbali, saini za siku ya mwisho na risiti isiyoonekana. Bado Mfuata Nyayo anaamini mgeni alijeruhi?

#28 Mfuata Nyayo wa Itigi
Naamini, kwa sababu askari ameandika damu, na hayo mengine yote hayaifuti damu. Jumatatu aulizwe ilikuwa ya rangi gani na aliikuta usawa gani wa majani. Aliyeiona hawezi kusita kujibu.

#29 Dereva wa Kambi
Wakili, nimepata karatasi za malipo za misimu mitatu, moja imeliwa na mchwa pembeni lakini tarehe inasomeka. Siku zangu 30 zimepita kwa muda mrefu. Hiyo barua ya kuomba kuongezewa muda naanza kuiandikaje?